Tembo Tamu la Mjomba

Mjomba wangu alianza kwa kiu. Hakuanguka, hakukohoa damu, hakutetemeka kwa homa kama tulivyokuwa tukitetemeka sisi wengine kila masika. Aliomba maji. Akinywa, akaomba tena. Mtu anayeomba maji, nani atamdhania kuwa ameanza kufa?

Nayasema haya kwa ajili yenu mliopita arobaini, wanaume kwa wanawake, mnaojiona wazima kwa sababu mnakula mkashiba. Mimi si daktari. Shule niliipita kwa nje. Kusoma nilifundishwa chuoni pamoja na Kurani, na hesabu nilijifunza kwa kuhesabu nazi. Lakini nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe, watoto niliwasomesha mwenyewe, na macho yangu hayajawahi kunidanganya. Nitasema nilichokiona, basi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mjomba, kaka wa mama yangu kwa baba na kwa mama, alikuwa na shamba la minazi kati ya Diani na Msambweni, na chanja ya fito ya kukaushia mbata, yaani nazi kavu. Anayeijua kazi hiyo anajua: nazi inafuliwa kwenye kifuo, mti wenye ncha, inapasuliwa, inapangwa juu ya chanja, na chini yake unawasha moto wa makumbi, yale maganda ya nazi, usiwake sana na usizimike. Ni moto wa kukaliwa. Mjomba aliukalia miaka na miaka, msuli kiunoni, miguu mitupu, huku akinenepa. Mimi nilianza kwake nikiwa mfuaji nazi, viganja vimechubuka, mpaka nikawa ndiye ninayepeleka magunia ya mbata Mombasa.

Kunenepa kwake kulitupendeza sote. Kwetu mtu mzima mwenye shingo ya mikunjo alikuwa mtu aliyefanikiwa, na mkewe akasifiwa kwa kumtunza. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi za nazi, na chai yenye sukari mpaka inanata mdomoni. Ijumaa haluwa na kahawa. Kutembea alikuwa ameacha. Akitaka jambo anatuma mtu. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Kiu ilipokuja, dawa yake kila mtu aliijua. Mkaza mjomba, yaani mkewe, alimwambia:

"Ni joto la hiyo chanja yako. Limekukausha mpaka mifupa. Wewe unatakiwa upoozwe."

Akapoozwa kwa madafu. Madafu yasipotosha, akapoozwa kwa tembo tamu. Mgema wetu alimletea kibuyu kila asubuhi, tembo lililoshuka mnazini muda uleule, kabla halijachacha, ambalo hata mwenye kuswali sala zote tano hulinywa bila wasiwasi. Kwetu hilo lilikuwa dawa. Mama aliyejifungua, tembo tamu. Mzee aliyeishiwa nguvu, tembo tamu. Mjomba akanywa kibuyu, kiu ikazidi. Wakamwongezea kibuyu. Ni kama nyumba inaungua, na watu wema, kwa mapenzi kabisa, wanaimwagia mafuta ya taa kwa kuwa nayo ni majimaji.

Kisha wakaja sisimizi.

Nyuma ya nyumba, kwenye ua wa makuti alipokuwa akienda haja ndogo, palitokea njia yao nyembamba, nyeusi, ikitoka kwenye ua mpaka penye mchanga uliolowa. Mkaza mjomba aliwamwagia majivu. Kesho yake wamerudi. Akamwaga maji ya moto, wakarudi wengi zaidi. Jambo likafika barazani, na barazani kila kitu huwa mchezo.

"Mzee wetu," mmoja alimwambia, "tuwekee mkebe huko nyuma. Sukari dukani imepanda."

"Mimi wangu unafuatwa," mjomba akajibu. "Wako hata nzi anaukimbia."

Baraza zima likaangua kicheko. Mjomba alicheka kuliko wote, kisha akaomba maji.

Baada ya hapo mwili ukaanza kushuka. Haukushuka kwa ugonjwa wa kulala kitandani; ulishuka mtu akiwa anatembea, anakula sahani mbili, anaongea. Mikunjo ya shingo ikawa ngozi inayoning'inia. Msuli aliokuwa akiufunga mara moja sasa anaukunja na kuukunja tena kiunoni. Kila nikirudi kutoka Mombasa nilimkuta pungufu, kama gunia lenye tundu chini.

Hapa lazima nieleze jambo, maana asiye Mdigo hatalielewa. Kwa ada yetu ya zamani, mali ya mtu haikwenda kwa watoto wake wa kuzaa. Ilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Msikitini walikuwa wanafundisha kinyume, na vijana wengi walikuwa wanaufuata msikiti, lakini ada ilikuwa bado ina nguvu. Kwa ada hiyo, minazi ya mjomba ilikuwa inanisubiri mimi. Na watoto wake wa kiume walikuwa wanalijua hilo kila siku ya Mungu.

Sasa fikiria. Mjomba anakonda. Mpwa wake, kijana mwenye nguvu, ananawiri na ameanza kununua mabati. Kisimani wanawake wakawa wanasema taratibu nikipita, kisha wananyamaza, kisha wananiamkia kwa adabu kupita kiasi. Hakuna aliyelitaja neno uchawi mbele yangu. Halikuhitaji kutajwa.

Kuhusu sukari nilisikia Mombasa. Mhindi mzee aliyenunua mbata zetu alinikaribisha chai, nikaona yake haitii sukari, na vitumbua hagusi. Nikamuuliza kama amefunga.

"Nimefungwa," akasema. "Sukari imeingia kwenye damu yangu. Inatoka na mkojo."

Nikaacha kutafuna. Nikamuuliza alianzaje.

"Kiu. Kukojoa. Kukonda na huku nakula." Akanitazama. "Kwa nini uso wako umebadilika?"

Nikamsimulia habari za mjomba. Aliposikia habari za sisimizi hakucheka. Aliweka kikombe chini na kuniambia nimpeleke mjomba hospitali haraka, na kabla ya kufika huko asiguse madafu, wala haluwa, wala hicho kibuyu cha asubuhi. Nilipanda feri ya Likoni siku hiyo nikiwa na habari ambayo mtu mwingine yeyote angeipeleka moja kwa moja. Mimi nilikuwa mtu wa mwisho ambaye angeaminiwa nayo.

Hata hivyo niliisema. Mimi si wa kutafuna maneno. Nilimkuta mjomba kwenye kiti chake cha kamba, mwanawe mkubwa amesimama karibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mombasa hawajambo?"

"Hawajambo. Mjomba, acha tembo tamu. Acha na madafu. Hicho ndicho kinachokumaliza."

"Nani kasema?"

"Yule Mhindi wa mbata. Anaumwa kama wewe."

Mjomba akacheka. "Mhindi ananipunja kwenye mizani, sasa anataka na kinywani anipunje."

Mwanawe hakucheka. Alisema bila kunitazama, "Leo asinywe tembo. Kesho asile wali. Keshokutwa tumchimbie, si ndiyo?"

Nilimwambia afunge mdomo. Mjomba akainua mkono kututenganisha, na ule mkono ulikuwa mwembamba mpaka niliona aibu kuutazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma:

"Mpwa wangu, unanihesabia siku?"

Nikaondoka. Kibuyu kikaendelea kuletwa.

Baadaye miguu ikaanza. Alisema imekufa ganzi, anakanyaga ardhi kama anakanyaga godoro. Siku nyingine ikawa inamchoma kama pilipili, kisha inanyamaza tena. Dawa ya ganzi kwetu ni joto. Wazee wanakanda kwa mchanga uliopashwa moto, wanakanda kwa kitambaa cha majivu, na mwenye chanja ana moto wake mlangoni. Mjomba akawa kila alasiri ananyoosha miguu kuelekea makumbi, anaota moto.

Alasiri moja nilikuwa napindua mbata, naye ameketi chini yangu anasimulia jinsi mgema wetu alivyoteleza mnazini akaangukia kwenye ua wa mkwe wake, mama mkwe yumo ndani anaoga. Alikuwa msimuliaji hodari, anaiga sauti zote. Nikasikia harufu. Nikadhani mbata zimeshika moto, maana ni hasara inayoingia haraka, nikainama kutazama. Mbata zilikuwa salama. Harufu ile ilikuwa ya kwato za mbuzi zinapobabuliwa.

Mjomba alikuwa bado anasimulia. Alikuwa amefika mahali ambapo mama mkwe anatafuta leso, na anaiga sauti yake. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya makumbi mekundu mpaka kwenye vidole.

Niliruka nikamvuta kwa mabega.

"Unanivuta nini?" akasema. "Sijamaliza."

Kisha akaufuata mtazamo wangu. Alitazama ule mguu kama mtu anayetazama kiatu cha mwenzake. Hakupiga kelele, kwa sababu hapakuwa na maumivu ya kumpigisha kelele. Mimi nimeona watu wameumia, nimemwona mtu amekatwa na panga. Sijaona cha kutisha kama mtu anayeungua huku anachekesha.

Walimpaka asali. Walimpaka mafuta ya nazi na majani yaliyotwangwa. Mganga alikuja, akasoma, akasema kuna mtu wa karibu, wa damu, anayelitaka shamba. Hakutaja jina, lakini waliokuwepo walinitazama wote. Kidonda hakikufunga. Kilikaa kimelowa, na wiki zilivyokwenda kikawa cheusi ukingoni, na chumba kikaanza kufukizwa udi mchana kutwa ili mgeni asijue.

Nikasema apelekwe hospitali. Jibu lilikuwa tayari: hospitali watamkata mguu. Mjomba mwenyewe akatia mzaha, "Siku ya kufufuliwa wenzangu wanakimbia, mimi naruka na mguu mmoja." Lakini macho hayakuwa na mzaha. Na wanawe wakasema wazi sasa kwamba anayesisitiza mzee akakatwe ndiye atakayemrithi. Ilikuwa hesabu rahisi. Ningekuwa wao, ningeipiga vilevile.

Nikaona kwamba maneno yangu yana uzito wa minazi ile yote juu yake, na hayatasikika mpaka niushushe.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nikawaomba wazee watatu waje nyumbani kwa mjomba. Mama yangu nilimwita pia, na wana wa mjomba walikuwepo. Udi ulikuwa unafuka, na chini ya udi ile harufu nyingine. Sikukaa.

"Nina neno moja," nikasema. "Minazi ya mjomba, chanja yake, na kiwanja chake, mimi sivitaki. Akiwa hai sivitaki, akifa sivitaki. Viende kwa watoto wake kama msikiti unavyosema. Mkitaka niape, leteni msahafu."

Waliniletea. Nikaapa. Mama yangu aliinuka akatoka, na alikaa muda mrefu bila kuniita mwanawe, kwa sababu haki niliyoitupa ilikuwa imetoka kwenye tumbo lake.

"Sasa," nikasema, "kifo chake hakinipi hata kumbi moja. Narudia nilichosema. Mpelekeni hospitali leo."

Mjomba alikuwa ameegemea mto, akinitazama.

"Umenikana, mpwa?"

"Nimeikana minazi."

"Kwetu ni kitu kimoja."

"Basi nikasirikie, mjomba. Nikasirikie ukiwa ndani ya lori la kwenda hospitali."

Aliyesogea kwanza alikuwa mwanawe mkubwa, yule aliyesema tumchimbie. Alitoka nje akaita watu waje na kitanda cha kamba, wambebe mpaka barabarani. Kwa nini alisogea haraka vile, sikuuliza siku ile na sikuuliza baadaye. Nilishika mguu mmoja wa kitanda, yeye akashika mwingine.

Hospitalini dresa, msaidizi wa daktari, alichukua mkojo wa mjomba kwenye kichupa, akautia dawa ya buluu, akauchemsha mbele yetu. Buluu ikageuka kijani, kijani ikageuka manjano, ikaishia nyekundu kama tofali. Nyekundu ni sukari nyingi, akatuambia. Alimwonyesha daktari, daktari Mzungu, naye akaufunua mguu, akaufunika tena. Walimkata chini ya goti. Nilipouliza ingekuwaje kama tungemleta mapema, dresa alinitafsiria maneno ya daktari, nami nayatoa hapa kama yalivyo: angekuja wakati wa kiu tu, angerudi nyumbani na miguu yake miwili.

Wakati wa kiu. Wakati tulipokuwa tunacheka.

Kwa hiyo nakwambia wewe ambaye umri umeshapinda. Kiu isiyokwisha si joto. Kukonda huku unakula si baraka wala si jicho la mtu. Ukiona sisimizi wanakufuata, usiende barazani, nenda ukapimwe. Punguza sukari kwenye chai sasa, ukiwa mzima, ulimi utanung'unika kisha utazoea. Mimi wangu ulizoea. Tembea kwa miguu yako ungali unaihisi. Usiote moto ukiwa na ganzi, na usikande kwa kitu ambacho hukukipima kwanza kwa kiwiko cha mtu mwingine. Vaa viatu hata ukienda uani tu. Na kama una jamaa anayekuonya na unadhani anakuhesabia mali, kapimwe kwanza, umshuku baadaye. Muda wa kumshuku utakuwa nao.

Mjomba alirudi nyumbani kwa magongo. Kibuyu cha asubuhi kilikoma, na mgema akawa anapita njia ya mbali asije akaulizwa. Mkaza mjomba alifundishwa kuchoma sindano ya dawa ya sukari. Alijifunzia kwenye chungwa, akichoma na kuchomoa mpaka chungwa likawa laini, na chupa ya dawa akawa anaiweka kwenye kikombe juu ya mtungi wa maji ipate ubaridi. Aliyekuwa akimtilia sukari kwa mapenzi sasa alikuwa anamtoboa paja kila asubuhi kwa mapenzi yaleyale, huku machozi yakimtoka.

Mguu uliobaki nao haukuwa na hisia. Dresa alituambia lazima mtu autazame kila siku, wayo, kisigino, na katikati ya vidole, kwa sababu mwenyewe hatajua. Mkewe alijitolea, lakini macho yake yalikuwa na ukungu. Wanawe wakajitolea. Mjomba akakataa wote, akamtuma mtu aniite.

Tulikuwa hatujaongea tangu siku ya msahafu. Niliingia, nikamwamkia, akaitikia akiwa ameelekea ukutani. Alinyoosha mguu kwenye mkeka.

"Tazama wewe," akasema. "Wewe huna unachopata."

Basi ikawa kazi yangu. Nikitoka msikitini alfajiri, napita kwake, naushika ule mguu, mwepesi, mkavu, baridi hata wakati wa joto la kaskazi, naugeuza kwenye mwanga wa mlango. Hatukuwa tukisema mengi. Namwambia, "Salama," ananiambia, "Alhamdulillahi," natoka naenda shughuli zangu.

Asubuhi moja, mvua za vuli zimeanza, nilitenga kidole kidogo na jirani yake. Ngozi ilikuwa imepasuka. Mpasuko mdogo, mweupe, hautoi damu, na pembeni yake pamelowa. Nilinusa. Niliugeuza mguu tena kwenye mwanga, labda ni kivuli.

Mjomba alikuwa ameshahisi kwamba sijasema neno letu la kila siku.

"Unaona nini?"

"Mpasuko."

"Mkubwa?"

"Mdogo. Lakini umelowa."

Nje mkaza mjomba alikuwa anapepea moto wa chai. Nilingoja aniulize nani kasema, au amtanie Mhindi, au achekeshe. Hakufanya hata moja. Alimwita mkewe amletee kanzu na magongo, akaanza kujiinua kwenye mkeka, na mimi nikatoka kwenda barabarani, mvua inanyesha, kusimamisha lori la kwanza litakalopita.